Lenzi za Baba, Kamera Yangu

Kiharusi kilipompata baba, upande wake wa kulia ulilala na maneno yote yakampotea isipokuwa moja. Alibaki na "haya." Ukimwamkia shikamoo, anajibu haya. Ukimuuliza kama uji umepoa, haya. Akikasirika, haya hiyohiyo inatoka kwa sauti ya mtu anayefukuza mbuzi shambani. Mama, ambaye alifundisha darasa la kwanza mpaka akastaafu, alijifunza kuzitofautisha haya hizo mapema kuliko sisi watoto. "Hiyo ni ya maji," anasema, na kweli baba anakunywa.

Baba alikuwa mpiga picha. Studio yake ilikuwa Kirumba, chumba kimoja chenye pazia la bluu na kiti kisichokuwa na mgongo, ili watu wakae wima. Watu wengi wa upande ule wa mji, picha yao ya kwanza ya pasipoti aliipiga yeye. Lakini studio ilikuwa ya kulisha watoto tu. Mapenzi yake yalikuwa nje, sokoni, uwanjani, kwenye harusi na misiba, na huko alikwenda na kamera moja ndogo ya chuma iliyokaa kifuani kwake kama sehemu ya nguo.

Kamera ile haikuwa na fokasi ya kujiendesha. Ukichungulia kwenye kidirisha chake unaona vitu katika sura mbili, moja kamili na nyingine hafifu pembeni yake, kama mtu na kivuli chake. Unaizungusha lenzi taratibu mpaka zile sura mbili ziingiane ziwe moja. Zikishakuwa moja, umepata umbali sahihi, bonyeza. Chini ya lenzi kulikuwa na kishikio kidogo cha chuma cha kuwekea kidole. Baba alikijua kishikio kile kama fundi cherehani anavyolijua kanyagio. Mwisho wa upande mmoja ilikuwa milima ya ng'ambo, mwisho wa upande wa pili ilikuwa uso wa mtu, na katikati hapo ilikuwa dunia nzima. Mkono wa kushoto ulitafuta umbali, wa kulia ulibonyeza.

Filamu zilipoadimika alifunga studio. Baadaye kamera yenyewe ikakwama ndani, na fundi aliyejua kuifungua hakupatikana. Zilibaki lenzi zake mbili. Baba alizivisha soksi za sufu, kila moja na soksi yake, akaziweka kabatini chini ya mashuka, na hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa.

Mimi nilimfuata katika kazi. Napiga harusi, send-off, mahafali, kipaimara. Kamera yangu ni ya kisasa, ile wenzangu wanaiita mirrorless kwa sababu haina kioo ndani, na inamtafuta mtu jicho yenyewe. Bi harusi akigeuka, nayo inageuka naye. Kwa kazi ya harusi ni msaada mkubwa. Baba kabla ya kuugua aliwahi kuishika, akaitazama, akanirudishia, akasema, "Sasa wewe unafanya nini?" Nilicheka, lakini swali lile lilibaki kichwani.

Wazo la lenzi lilianzia kliniki. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimkunja baba vidole, akamnyoosha kiwiko, kisha akatugeukia mimi na mama.

"Mkono wa kulia tutauamsha kidogo kidogo," akasema. "Ila huu wa kushoto mzima msiuache ukae bure. Mpeni kazi anayoipenda. Alikuwa anapenda nini?"

"Kunikatizia kupika ili anipige picha," mama akajibu.

Tukacheka, baba naye akacheka upande mmoja wa mdomo. Njiani kurudi nyumbani Butimba nikawa nawaza kimoja tu: mkono wa kushoto ndio uliokuwa mkono wake wa fokasi.

Nilimuuliza mwenzangu mmoja wa kazi kama lenzi za zamani vile zinaweza kukaa kwenye kamera yangu. Akanieleza jambo ambalo sikuwa nalijua. Lenzi za aina ile zilitengenezwa zikae karibu sana na filamu. Kamera kubwa za dijitali za mwanzo zilikuwa na kioo kilichokula nafasi ile, kwa hiyo haikuwezekana. Hizi zetu za sasa hazina kioo, nafasi imerudi. Kinachotakiwa ni pete ya chuma ya kuunganishia, adapta. Na kwa kuwa kihisi cha kamera yangu, kile kipande cha ndani kinachopokea picha badala ya filamu, kina ukubwa uleule wa kipande cha filamu, lenzi ingeona upana uleule iliouona zamani, bila kukatwa pembeni.

Adapta niliiagiza Dar, ikaja na basi. Siku niliyoipata nilimwomba mama anitolee soksi kabatini baba akiwa amelala mchana. Nikafunga lenzi ya kwanza, nikabonyeza. Kimya. Kamera iligoma kabisa, ikaniandikia kwamba haina lenzi. Lenzi ilikuwa pale pale, nzito kama jiwe la kusagia, lakini kwa kuwa haikuwa na waya hata mmoja wa kuongea na kamera, kamera iliamini iko wazi. Nilihangaika kwenye menyu mpaka nikapata mahali pa kuiruhusu ipige hata kama haioni lenzi. Hapo ikakubali.

Lenzi yenye kuona upana zaidi iliniangusha. Katikati picha ilikuwa safi, lakini pembeni vitu vilivutika kama vimepakwa mafuta, na kwenye kona ikaingia rangi ya zambarau. Yule mwenzangu akaniambia mwanga unaingia kwa kulala, filamu iliuvumilia, kihisi hakiuvumilii. Ile ya pili, ya milimita hamsini, ilikuwa nzuri. Ilikuwa na ukungu kidogo ukingoni, na grisi yake ya ndani imeganda kwa kukaa, ikawa inazunguka kwa kubishana. Lakini nilipompiga mama nayo akiwa amekaa barazani, niliikuza picha kwenye skrini. Ngozi yake ilikuwa ngozi, haikung'arishwa. Ilikuwa picha ya studio ya Kirumba, imetoka kwenye kamera yangu.

Nikaona kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza.

Jioni ile nilimwekea baba kamera mapajani. Aliitazama lenzi, akaijua papo hapo. Akainua mkono wa kushoto, akaishika, kisha mkono wa kulia ukajaribu kuinuka uende kwenye kitufe chake, kama ulivyozoea, na haukuinuka. Akaisukuma kamera. Nisingeidaka ingeanguka sakafuni. Kisha akalia. Sikuwa nimewahi kumwona baba akilia, hata kwenye msiba wa bibi.

Kaka yangu alikuwepo. Yeye ndiye mkubwa wetu, na tangu baba augue alikuwa akija karibu kila jioni kumwogesha. Akaniita nje.

"Umeridhika?" akaniuliza. "Unamletea alichonyang'anywa, unamwekea mapajani."

"Kaka, pale kliniki wamesema..."

"Kliniki hawamjui mzee. Mwache apumzike."

Nilizirudisha lenzi kwenye soksi zao nikaenda kwangu. Siku kadhaa baadaye mama akanipigia simu. Hakunisalimu hata.

"Mimi ndiye nalala naye chumba kimoja," akasema. "Anakesha akihesabu mbao za dari. Kaka yako anasema apumzike. Apumzike na nini, na kazi gani aliyoifanya? Ilete hiyo kamera."

"Mama, alilia."

"Alilia, ndiyo. Mtu anayelia bado anataka kitu. Ilete."

Safari hii sikumpa. Nilisimamisha kamera kwenye stendi ya miguu mitatu barazani, pembeni ya kiti chake, nikajiambia nitaijua lenzi hii mimi kwanza, halafu tutaona. Mama alikuwa mkabala anachambua mchele. Nikaanza kuzungusha. Sikuwa naigiza, kweli nilikuwa siwezi. Miaka yote nimezoea kamera inayonitafutia jicho. Sasa kila nikibonyeza, jicho la mama limefifia na ungo umetoka wazi, au ungo umefifia na ukuta wa nyuma ndio umetoka wazi. Nikafungua uwazi wa lenzi, lile tundu la kuingizia mwanga, mpaka mwisho, mambo yakawa mabaya zaidi. Baba alikuwa anaiona skrini kutoka pale alipokaa. Nilisikia pumzi yake ikibadilika.

"Haya," akasema.

Nikaendelea.

"Haya!" Hii ilikuwa ya mbuzi.

Mkono wake wa kushoto ukaja, ukanipiga kofi dogo kwenye vidole kuviondoa, ukaingia chini ya lenzi. Kidole kikakuta kishikio. Hakukitafuta; kilikuwa pale alipokiacha. Akakivuta kidogo, akakirudisha kidogo zaidi, akakivuta tena nusu ya pale. Kwenye skrini jicho la mama likaja taratibu kama mtu anayetoka kwenye ukungu wa asubuhi ziwani, likatulia. Nikabonyeza. Mama hakuinua kichwa, aliendelea na mchele wake, ila mikono yake ilikuwa imeacha kuchambua.

Basi tukawa mpiga picha mmoja, mkono wa kushoto wake na mkono wa kulia wangu.

Haikuwa rahisi kama ninavyosimulia. Grisi iliyoganda ilimchosha. Baada ya picha chache mkono ulianza kutetemeka na kichwa kikainama. Nilimpelekea lenzi fundi saa wa mjini, akaifungua kwa vifaa vyake vidogo, akaisafisha na kuipaka grisi mpya, ikawa inateleza kama kisu kwenye papai. Kamera yangu ina msaada wa fokasi unaochora mistari myekundu kwenye kingo za kitu kilicho wazi. Niliuwasha nikidhani utamfaa. Baba aliitazama ile mistari, akatikisa kichwa, akaendelea kukitikisa mpaka nikauzima. Alichokubali ni kukuza picha kwenye skrini, jicho la mtu lijae kioo kizima, kwa sababu hapo aliona kope.

Tatizo kubwa lilikuwa ile haya. Nilikuwa nikisikia haya nabonyeza, kumbe alimaanisha ngoja. Nikingoja, kumbe alimaanisha piga. Siku moja tuligombana vibaya, mimi nikifoka kwa maneno mengi na yeye kwa neno lake moja, mpaka mama akatoka jikoni na mwiko.

"Nyie wawili," akasema, "mnapigana kama majogoo. Mzee, inua kidole cha shahada. Kidole kikiinuka kutoka kwenye lenzi, mtoto abonyeze. Kisipoinuka, mtoto atulie. Mmenielewa, darasa?"

"Haya," baba akasema, na hiyo sote tuliielewa.

Tulifanya mazoezi karibu kila siku ambayo sikuwa na harusi. Tukapiga kuku, ndoo, mawe makubwa ya nyuma ya nyumba, majirani waliokubali na wengine wasiokubali. Akawa anakula bila kusukumwa. Mwisho wa msimu wa mvua aliniashiria jambo jipya. Alinyoosha mkono kuelekea mjini, kisha akauweka kwenye pua na kuibana, kama mtu anayesikia harufu. Mama akacheka.

"Mwaloni," akasema. "Anataka kwenda sokoni kwenye samaki."

Kaka hakutaka kusikia. "Pale watu wanasukumana na matoroli. Akianguka?"

"Akianguka tutamwinua," mama akasema. "Humu ndani ameshaanguka tayari."

Tulikwenda asubuhi kwa bajaji, mama, baba na mimi, stendi ikiwa imelala magotini kwetu. Soko lilikuwa limechangamka, sangara wanashushwa, dagaa wamemwagwa kwenye magunia, wachukuzi wanapiga kelele wapishwe. Tulimkalisha baba kwenye kiti cha plastiki karibu na meza ya mama mmoja muuza dagaa, mtu mnene mwenye sauti ya kufika kisiwani Ukerewe bila simu. Alimtazama baba kwa muda, akaweka kopo lake la kupimia chini.

"Si mpiga picha huyu?" akauliza. "Si wewe ulinipiga mimi na wanangu wote?" Akajifuta mikono kwenye kanga, akainama mbele yake kwa adabu. "Mwangaluka, mzee!"

Na baba akajibu, wazi kabisa, "Mwangaluka."

Mama alinishika mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaingia. Tangu augue hakuna neno lingine lililokuwa limetoka kwenye kinywa kile. Tulikuwa tumemsalimia kwa Kiswahili muda wote, nyumbani na kliniki, kumbe salamu ya Kisukuma, lugha yake ya utotoni, ilikuwa imekaa mahali pengine kabisa ndani yake, mahali ambapo kiharusi hakikufika. Yule muuza dagaa hakujua alichokifanya. Alikuwa tayari anaiangalia kamera.

"Mnapiga picha? Nipigeni. Akina mama wa hapa wamenichagua niwe mwenyekiti wa kikundi chetu na sina picha ya maana." Nilipoinama kwenye lenzi akanizuia. "Sio wewe, mwanangu. Mimi napigwa na mzee."

Picha za siku ile ziliharibika zote. Jua lilikuwa kali likapiga kwenye skrini, baba hakuona kitu. Toroli likagonga mguu wa stendi. Mkono wake ukachoka, kidole kikawa kinainuka kwa kutetemeka na mimi nikibonyeza. Niliporudi nyumbani nikazifungua kwenye kompyuta, dagaa waliokuwa mbele walikuwa wazi mmoja mmoja hadi macho, na mwenyekiti nyuma yao ni kama moshi. Nilitaka kumficha baba. Lakini aliisogelea kompyuta mwenyewe kwa kuburuta kiti, akaziangalia hadi ya mwisho. Hakulia safari hii. Alinyoosha kidole kwenye wale dagaa, akanitazama, kisha akaanza kufanya mazoezi ya mkono peke yake, kukunja na kukunjua, kukunja na kukunjua, mpaka mama akamwita kula na hakwenda.

Tulirudi Mwaloni. Niliyetarajia akasirike ni kaka, na ndiye aliyetokea na mwavuli mkubwa wa rangi mbili, akasimama nyuma ya baba kumfunika kwa jua. "Nimekuja ili asiungue," akaniambia, hata kabla sijamuuliza. "Msidhani nimekubali."

Bado tulishindwa. Safari hii fokasi ilikuwa sawa lakini yule mama wa dagaa alikuwa amejikausha kama mtu aliyepelekwa polisi. Baba alikataa. Kidole hakikuinuka. Mimi nilikuwa naona kila kitu kiko wazi kwenye skrini, kope zinahesabika, nikawa namsihi, "Baba, sasa, baba, iko sawa." Hakikuinuka. Wateja wakapanga foleni, yule mama akasema, "Basi njooni tena kesho, dagaa hawaishi ziwani."

Kesho yake hatukumwambia akae. Aliendelea kuuza. Baba alikishika kishikio na kumfuata, akiinama kwenye gunia, akiinuka na kopo, akigeuka kumjibu mtu, na kidole chake kikawa kinakwenda na kurudi kidogo kidogo naye, kama kamera yangu inavyofanya yenyewe, ila huyu alikuwa ni baba. Mteja mmoja akasema kitu kuhusu bei, yule mama akatupa kichwa nyuma akacheka, kisha cheko likaisha na uso ukabaki wazi, umetulia, macho yako mbali. Kidole kikainuka. Nikabonyeza mara moja tu.

Nilimchapia mwenyekiti picha kubwa, na akaiweka juu ya meza yake ya kuuzia. Uso wake uko wazi, nyuma yake soko limefifia kuwa rangi tu, na kwenye kona kuna mwanga umetawanyika kidogo pale lenzi ilipokuwa na ukungu. Aliitazama akasema, "Huyu ndiye mimi nikiwa sijui naangaliwa." Kwa sababu ya picha ile walikuja wengine, muuza nyanya, mshona nyavu, mzee wa kunoa visu. Baba aliwakataa waliotaka kujipanga. Waliokubali kuendelea na kazi zao aliwapiga.

Maneno hayajarudi mengi. Kuna mwangaluka, kuna haya, kuna jina la mama, ambalo hulitamka akiwa na haraka. Mkono wa kulia unaweza kushika kikombe kikiwa nusu. Mtaalamu wa mazoezi anasema tusikate tamaa na tusitarajie miujiza, na sisi neno hilo tumelipokea hivyo hivyo, bila kulipunguza wala kuliongeza. Kaka bado anasema namchosha mzee, na bado anakuja.

Hivi karibuni tulivuka ziwa kwenda Kamanga kumwona shangazi. Kwenye kivuko nilimfunga baba kamera shingoni, nikasimama nyuma yake nikiwa nimepitisha mkono wangu wa kulia chini ya kwapa lake mpaka kwenye kitufe. Hakukuwa na nafasi ya stendi, na sakafu yote ilikuwa inatetemeka kwa injini. Skrini ilikuwa imegeukia tumbo lake, yeye haioni wala mimi siioni. Upande wa pili wa kivuko mwanamke mmoja alikuwa amesimama ameshika baiskeli, upepo unavuta mtandio wake, anaangalia mji unavyorudi nyuma. Nilisikia kishikio kikisogea chini ya kidole cha baba, polepole, kikasimama. Alikuwa ameupima umbali kwa macho matupu. Alingoja. Upepo ukakata kidogo, mtandio ukaanguka begani, kidole kikainuka.